Gari moja hufufuka, jingine huchinjwa: vipuri vya magari ya kale vyaadimika Ntinda

Katika gereji za Afrika Mashariki, gari ambalo halitarudi tena barabarani, na ambalo viungo vyake vinahamishiwa kwenye gari jingine, huitwa gari la kuchinjwa. Neno ni kali lakini ni la haki. Kama ilivyo kwa mnyama, kuchinja gari kuna mpangilio wake, kuna sehemu zinazogombewa na sehemu zinazoachwa, na kunahitaji mkono unaojua kiungo kinaachana na kiungo wapi. Huko Ntinda, kitongoji cha Tarafa ya Nakawa kaskazini mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, kazi hiyo hufanywa kwa magari ya kawaida yaliyotoka Japani, na hakuna anayegeuka kutazama. Inapofanywa kwa ajili ya kufufua gari la miaka ya 1960 au ya 1970, huwa ni shughuli ya namna nyingine, na mwaka hadi mwaka inazidi kuwa ngumu.

Ugumu huo hautokani na uzee wa magari peke yake. Sheria ya uagizaji wa magari iliyopitishwa mwaka 2018, soko la chuma chakavu, utaratibu mpya wa namba za usajili na thamani ya ardhi ya jiji, vyote vinakutana juu ya gari bovu lililoegeshwa nyuma ya nyumba ya mzee fulani, matairi yamezama udongoni na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Gari hilo likiondoka kwa njia moja, jingine hupona. Likiondoka kwa njia nyingine, huyeyushwa.

Kiungo kisichouzwa dukani

Asiyeifahamu kazi hii hudhani kwamba injini ndiyo roho ya gari, na kwa hiyo ndiyo inayotafutwa kwanza. Kwa gari la kale mara nyingi mambo huwa kinyume. Silinda iliyoliwa huweza kukerezwa upya, beringi hupatikana kwa vipimo, gasketi hukatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi yake maalumu, na mafundi wa chuma wa Katwe wamejijengea jina kwa kutengeneza vitu ambavyo kiwanda kilichovibuni kilikwisha kuvisahau. Kinachosumbua ni vitu vinavyoonekana vidogo: kioo cha mbele chenye mkunjo wake, urembo unaong'aa kuzunguka taa, kitasa cha mlango, mkono wa kushushia kioo, mita za dashibodi, mpira wa kuzuia maji mlangoni, kifuniko chekundu cha taa ya nyuma. Vitu hivyo vilitoka katika kalibu za kiwandani ambazo nyingi zilitupwa zamani. Hakuna mashine ya kukereza inayoweza kuzaa kioo kilichopinda, na fundi anayejaribu kukitengenezea gari kioo bapa huishia kuwa na gari linalovuja kila masika.

Peugeot 404 ni mfano mzuri wa jambo hili. Gari hilo, ambalo umbo lake lilichorwa na jumba la Pininfarina la Italia, lilianza kuuzwa mwaka 1960 na likashinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ekseli yake ya nyuma haikujengwa kama ya magari mengi. Ndani yake mna chuma cha mfano wa parafujo kinachozungusha gurudumu la shaba lenye meno. Mpangilio huo hufanya kazi kimya na kwa muda mrefu iwapo mafuta yake yanatunzwa, lakini shaba ikishaliwa, hakuna kipuri cha Toyota kinachoweza kuingia mahali pake. Mwenye gari ana njia mbili: kuweka ekseli nzima ya gari lingine, na hapo amepoteza sehemu ya kile alichotaka kukihifadhi, au kutafuta 404 nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti.

Ufaransa iliacha kutengeneza gari hilo mwaka 1975, ilhali Kenya iliendelea kuliunganisha hadi mwaka 1991. Kwa sababu hiyo, anayetafuta 404 ya kuchinja akiwa Kampala huelekeza macho Nakuru na Eldoret kabla ya kufikiria Paris.

Si kila gari la kale lina shida hiyo. Volkswagen Beetle lilitengenezwa kwa idadi ya 21,529,464 hadi la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi Julai mwaka 2003, na vipuri vyake vingali vinatengenezwa upya na kampuni nyingi duniani. Mercedes-Benz ya umbo la W123, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1986, ilifikia takriban magari milioni 2.7, na injini zake za dizeli zina tabia ya kuishi kuliko bodi zinazozibeba. Land Rover za kale nazo zina kisa chao. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishikwi na kutu kama chuma, lakini chasi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni vya chuma. Kwa hiyo Land Rover inaweza kuonekana nzima kwa nje huku mifupa yake imekwisha kuwa unga. Anayeichagua ya kuchinja huanza kwa kulala chini yake na nyundo ndogo, akigonga chasi na kusikiliza.

Kuhusu kutu, mahali gari lilipoishi ni muhimu kuliko umri wake. Gari lililokaa Mombasa au Tanga hula hewa ya chumvi kila siku. Lililokaa bara, mahali pakavu, huweza kusimama miaka ishirini na sakafu yake ikabaki. Kampala ina mvua nyingi, lakini haina chumvi, na mara nyingi adui mkubwa wa gari lililoegeshwa huko ni majani na udongo vilivyojaa kwenye mifereji ya bodi na kuhifadhi unyevu.

Kazi yenyewe inataka subira ambayo gereji za haraka hazina. Fundi anayejua huanza kwa kupiga picha kila upande kwa simu yake, kabla ya kugusa boliti hata moja. Boliti zilizoganda hulowekwa mafuta na kuachwa siku kadhaa, kisha hupashwa moto. Mashine ya kukatia huja mwisho, maana boliti ya kale yenye uzi usio wa kawaida ina thamani yake. Vioo hutolewa mapema, na hapo hukatwa mpira ili kiokolewe kioo. Nyaya za umeme huvuliwa zote kwa pamoja kama mzizi, zikiwa na rangi zake na soketi zake, kwa sababu waya uliokatwa vipandevipande hauna faida kwa mtu yeyote. Nati na skrubu huwekwa kwenye makopo yaliyoandikwa zilikotoka. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayogharimu zaidi baadaye: gari nyingi za kale ambazo ufufuaji wake haukumalizika hazikushindwa kwa kukosa injini, zilishindwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka vipande vyake vinaunganaje.

Urithi wa Safari na wa 1972

Magari haya yalifikaje Uganda kwa wingi kiasi cha kuacha mabaki? Sehemu ya jibu iko katika mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa watengenezaji wa magari wa Ulaya na baadaye Japani, Safari ilikuwa tangazo la biashara lenye matope. Gari lililofika salama lilinunuliwa na madaktari, walimu wakuu, wafanyabiashara wa kahawa na maafisa wa serikali, kuanzia Kampala hadi Mbarara.

Historia ya Safari ina somo lake kuhusu magari yaliyotumika. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari ambalo timu ya kiwanda ilikwisha kulitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia, nao wakalitengeneza upya wenyewe. Magari ya kiwanda, yenye kila kipuri kipya, yaliachwa nyuma. Mtu mwingine wa historia hiyo, Shekhar Mehta, alizaliwa Uganda. Alishinda Safari mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, lakini ushindi huo wote aliupata akiwa mkazi wa Kenya.

Sababu ya kuhama kwake inajulikana. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waganda wenye asili ya Asia siku 90 kuondoka nchini. Makumi ya maelfu waliondoka, na biashara nyingi za magari na vipuri zilizokuwa mikononi mwao zikagawiwa watu ambao raia waliwaita mafuta mingi. Wengi wa waliogawiwa hawakuwa na mikopo, wala wasambazaji wa nje, wala vitabu vya namba za vipuri. Fedha za kigeni zikakauka, na bidhaa zikahamia kwenye magendo, neno la Kiswahili ambalo katika Uganda ya miaka hiyo lilikuwa jina la uchumi mzima.

Ni katika uhaba huo ambapo uchinjaji wa magari ulikomaa na kuwa ufundi wa kujitegemea. Peugeot moja iliweka hai Peugeot tatu. Fundi aliyeweza kutambua kwamba kipuri cha gari moja kinaingia katika gari la kampuni nyingine, kwa kuchongwa kidogo tu, alikuwa mtu wa thamani mtaani. Maarifa hayo yalipita kutoka mkono hadi mkono. Wengi wa walioyabeba sasa ni wazee, na kijana anayeingia gerejini leo hujifunza kwanza kuunganisha kompyuta ya kusomea hitilafu, kifaa ambacho mbele ya kabureta hakina la kusema.

Sheria inayopima umri peke yake

Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha Sheria ya Barabara na Usalama wa 1998 na kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya ilitangulia kwa kikomo kikali zaidi, cha miaka 8. Tanzania imechagua zaidi njia ya kutoza kodi kubwa kwa magari yaliyozeeka kuliko kuyapiga marufuku.

Sababu za hatua hizo hazina ubishi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwezi Oktoba mwaka 2020 ilieleza kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018. Takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yaliishia Afrika. Mengi hayakuwa na uwezo wa kukidhi masharti ya moshi na usalama ya nchi yalikotoka. Yeyote anayevuka barabara ya Jinja saa za jioni anajua moshi huo unanukaje.

Hata hivyo, sheria inayotazama tarehe ya kutengenezwa peke yake haiwezi kutofautisha vitu viwili visivyofanana. Gari dogo la mwaka 2005 lililochoka, litakaloendeshwa kila siku kwa miaka kumi ijayo, na Peugeot ya mwaka 1968 isiyo na injini, inayoletwa ili milango na vioo vyake vihamishwe, mbele ya kikomo cha miaka 15 ni kitu kimoja. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina tafsiri ambayo ingeweza kusaidia: gari la kihistoria ni lile lenye umri usiopungua miaka 30, lililohifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho ndilo lenye uzito. Linafungua mlango kwa mkusanyaji bila kumfungulia mfanyabiashara wa teksi.

Matokeo ya kutokuwa na tofauti hiyo ni ya ajabu kidogo. Vipuri vilivyokwisha kufunguliwa havihesabiwi kuwa gari. Anayehitaji 404 ya kuchinja kutoka nje huona ni nafuu ichinjwe hukohuko, na vipande vyake vije kwenye sanduku. Hata kwa gari lililo upande wa pili wa Malaba au Busia, safari fupi ya lori, hesabu ni ileile. Kazi ya kuchinja, ambayo ndiyo yenye ujira na mafunzo kwa vijana wa gereji, inafanyika mahali pengine. Kinachofika Ntinda ni kilichochaguliwa na mtu asiyelijua gari linalosubiri. Na kama sanduku halikuwekwa ule mkono mdogo wa kushushia kioo, gari husubiri mwaka mwingine.

Mizani ya kilo

Mshindani mkubwa wa anayefufua magari si mkusanyaji mwenzake. Ni mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Viwanda vya chuma vya Uganda huyeyusha chuma kilichotumika ili kutengeneza nondo, na ujenzi wa jiji unazidi kula nondo. Mlango wa gari la mwaka 1965 kwenye mizani hiyo ni kilo kadhaa tu. Kwa mtu anayeutafuta mlango huohuo, bei yake inaweza kuwa mara nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba mtu huyo hupita mara moja katika miaka mitatu, na mnunuzi wa chakavu hupita kila wiki na fedha taslimu mkononi.

Nguvu ya soko hilo ilionekana nchini Kenya mwezi Januari mwaka 2022, pale Rais Uhuru Kenyatta alipositisha biashara ya chuma chakavu baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani. Usitishaji huo uliondolewa miezi michache baadaye kwa masharti mapya. Kama mnara wa umeme haukusalimika, Morris iliyoegeshwa chini ya mwembe haina mtetezi.

Huko Ntinda ardhi nayo inaongeza haraka. Kitongoji kilichokuwa na nyua pana kimejaa maduka makubwa, ofisi na nyumba za kupangisha. Mzee akifariki, warithi hugawana kiwanja, na kitu cha kwanza kuondolewa ni magari yasiyotembea. Mara nyingi hakuna nia mbaya. Hawajui tu kwamba kuna mtu, pengine umbali wa kilomita mbili, anayetafuta taa zile zile. Gereji zilizokodi viwanja vya wazi nazo husogea pembeni kila jengo jipya linapoanza, kuelekea Kiwatule na kwingineko, na katika kuhama hutupwa kilichoonekana hakina soko. Hakuna anayebeba ubavu wa Kombi kwa bodaboda.

Jina la marehemu

Kuna upande mwingine ambao wapenzi wa magari ya kale hawapendi kuuzungumzia. Gari linalochinjwa huacha nyuma namba ya chasi, kibao cha kiwanda na kadi ya usajili. Viungo vikishagawanywa, karatasi hizo hubaki na thamani kwa mtu wa tatu, yule mwenye gari la wizi linalohitaji jina. Kampala ina mzaha wake wa siku nyingi kuhusu jambo hili: ukiibiwa kioo cha pembeni usiku, kesho asubuhi nenda Kisekka ukinunue chako mwenyewe. Soko hilo la vipuri, lililopewa jina la Dakta Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu na baadaye makamu wa rais, limewasaidia wenye magari halali wengi kuliko wezi. Lakini mzaha haukutoka hewani, na fundi mwaminifu huulipia kila anapobeba taa mkononi bila risiti.

Serikali imechagua kukabili wizi na uhalifu wa magari kwa teknolojia. Mwezi Julai mwaka 2021 ilitia saini mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, kwa ajili ya namba za kidijitali zinazowezesha gari kufuatiliwa, na utekelezaji ukaanza kwa magari ya serikali mwishoni mwa mwaka 2023. Mjadala wa umma umejikita katika gharama na faragha, na ni haki yake. Swali la gari lililofufuliwa kwa viungo vya magari mawili au matatu halijasikika sana. Injini ya moja, bodi ya jingine, ekseli ya la tatu: ni gari lipi hilo? Askari anayelinganisha namba iliyochongwa kwenye injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi haoni historia ya mapenzi. Anaona namba mbili zisizolingana.

Uingereza, yenye magari mengi ya kihistoria, kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya alama kwa magari yaliyojengwa upya kwa mabadiliko makubwa. Chasi au bodi ya asili ilipewa alama 5. Springi na viungo vyake, ekseli, giaboksi na usukani vilipewa alama 2 kila kimoja. Injini ilikuwa na alama 1 tu. Gari lililofikisha alama 8, zikiwamo za chasi, lilibaki na namba yake ya zamani. Hesabu hiyo inaafikiana na akili ya fundi wa Ntinda, anayejua kwamba injini hubadilika mara nyingi katika maisha ya gari, ila uti wa mgongo ni mmoja. Hakuna ulazima wa kuiga alama za Waingereza. Lakini ofisi ya usajili inayotaka kujua kila gari liko wapi ingefaidika kuwa na daftari la magari yaliyokufa, lenye kueleza ni nani aliyechukua nini. Mwizi angelichukia daftari hilo kuliko kamera yoyote.

Kwa sasa, ulinzi wa mnunuzi ni karatasi ya kawaida: mkataba wa mauzo wenye namba ya chasi, nakala za vitambulisho vya pande mbili, shahidi, na picha za gari likiwa bado zima. Injini ikihamishwa, mabadiliko yaandikishwe mapema, kabla gari halijasimamishwa njiani. Warithi wanaouza gari la baba yao wasikabidhi kadi ya usajili kwa mnunuzi wa chuma. Ni kosa jepesi kufanyika na zito kulitengua.

Afya nayo isisahaulike. Breki za magari ya kale mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likipulizwa kwa hewa ya kompresa, kama ilivyo desturi, huingia mapafuni na halitoki. Betri zina risasi na tindikali. Mafuta yaliyomwagwa nyuma ya gereji huteremka na mvua hadi kwenye mabonde yenye majimaji yanayoelekea Ziwa Victoria. Kitambaa chenye maji na ndoo ya kukusanyia mafuta vingepunguza sehemu kubwa ya madhara hayo, na gharama yake haizidi chakula cha mchana cha mafundi wawili.

Nani anafaidika

Kufufua gari la kale kunaweza kuonekana kuwa mchezo wa matajiri, na kwa kiasi fulani ni hivyo. Lakini fedha zake hushuka chini kwa namna isiyo ya kawaida. Gari la kisasa likiharibika, sehemu kubwa ya malipo huenda kwa kipuri kilichotoka nje. Gari la kale hulipa zaidi mkono: mshonaji wa viti, mnyoosha bodi, mpuliza rangi, mkereza chuma, mtu wa nyaya. Likiisha, hukodishwa kwa harusi na sherehe za kwanjula, ambako Mercedes ya kale yenye utepe mweupe hulipwa vizuri kwa siku moja ya Jumamosi. Nchini Kenya, mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameonyesha kwamba magari ya aina hii huweza kuleta wageni, hoteli zikajaa na mafundi wakapata kazi ya miezi.

Katika kazi hiyo Kiswahili kina nafasi yake, ingawa wengi Kampala bado hukiona kama lugha ya wageni, hata baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha mwezi Julai mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Mnunuzi aliyetoka Goma, dereva wa lori aliyetoka Mombasa na fundi aliyezaliwa Ntinda hupatana bei ya giaboksi kwa lugha hiyo bila kusubiri mtaala.

Watengenezaji wenyewe wameanza kuona kwamba magari yao ya zamani yana soko. Toyota sasa hutengeneza upya baadhi ya vipuri vya magari yake ya kale, ikiwamo Land Cruiser ya mfululizo wa 40, na Mercedes-Benz ina idara yake ya magari ya kihistoria. Kwa mwenye Land Cruiser iliyobaki katika mji wa mpakani, hiyo ni habari njema iwapo ataimudu bei. Kwa 404 hakuna tegemeo la namna hiyo lenye upana unaolingana, na gari la kuchinjwa litabaki kuwa duka lake la pekee.

Wakati huohuo, foleni inasogea. Toyota Corolla ya umbo la E100, ambayo Waganda waliipa jina la Kikumi, yaani mia moja kwa Kiganda, ilianza kutengenezwa mwaka 1991. Kwa kipimo cha miaka 30 cha FIVA, za mwanzo zimekwisha kuvuka umri wa kuitwa gari la kihistoria. Kwa sasa zinachinjwa Ntinda na Kisekka bila mtu kujali: taa hapa, mlango kule, dashibodi nzima kwa bei ya kutupa, na bodi iliyobaki hupakiwa kwenye lori kwenda tanurini.